Usingoje stima ipotee ndipo ujue UPS imekufa

SAA mbili usiku simu yangu ililia. Stima ilikuwa imepotea mtaani, na mzee mmoja ninayemtibu maradhi ya mapafu alikuwa akihema kwa shida. Mashine yake ya oksijeni ilikuwa imeunganishwa kwenye UPS, kile kifaa chenye betri kinachotoa umeme stima inapokatika. Siku hiyo UPS ilizima papo hapo. Mtungi wa oksijeni uliokuwa chumbani ndio uliomwokoa.

Kumbe UPS hiyo ilikuwa imelia kwa majuma kadhaa, lakini jamaa zake wakaona ni kelele tu na kuizima sauti.

Stima hupotea bila hodi. Mnamo Agosti 25, 2023 karibu nchi nzima ilikaa gizani kwa saa nyingi. Kwa hivyo, yeyote anayemtunza mgonjwa wa aina hii ni sharti ayajue matatizo haya.

La kwanza ni betri. Kwa kawaida hudumu miaka 3 hadi 5, na joto huipunguzia umri. UPS ikizima mara stima ipoteapo, au ikidumu dakika chache kuliko zamani, huenda betri imechakaa. Iwapo imefura au inavuja, usiiguse, mwite fundi.

La pili ni mzigo. Mashine ya oksijeni ya lita 5 kwa dakika hula takriban wati 300. UPS ndogo ya kompyuta, hata ikiweza kuibeba, huishiwa baada ya dakika chache. Usiunganishe hapo televisheni, pasi wala friji. Muulize muuzaji kama UPS hiyo inafaa mashine yenye mota.

La tatu, UPS hulia ilhali stima ipo. Hakikisha plagi imekaza, kagua fyuzi yake, kisha ujaribu soketi nyingine. Ikiendelea kulia, mwite fundi. Usiifungue mwenyewe, kwani ndani mna umeme unaoweza kuua hata ikiwa imechomolewa.

Mara moja kwa mwezi, fanya jaribio. Kwanza mhamishe mgonjwa kwenye mtungi. Kisha chomoa UPS ukutani mashine ikiwa inafanya kazi, na utazame saa. Andika dakika ilizodumu kwenye karatasi na uibandike ukutani, halafu uiache UPS ijae tena.

Dakika hizo si za kungojea stima irudi. Ni za kumhamishia mgonjwa kwenye mtungi. Akibadilika rangi ya midomo kuwa ya samawati, akichanganyikiwa au akishindwa kumaliza sentensi moja kwa kukosa pumzi, mkimbize hospitalini hata kama stima imerudi.

Na UPS ikilia, usiizime sauti kabla ya kujua inalilia nini.