Panya Waliumbua Asbesto 1943, Masonko Wakafinyilia Stori

Wasee wengi mnaijua asbesto kama ile paa ya kijivu yenye mawimbi, ile iko kwa shule za kitambo na nyumba za zamani za serikali. Kenya iliipiga marufuku 2006. Chenye wengi hawajui ni kwamba miaka 63 kabla ya hiyo marufuku, panya kwa maabara moja ya Marekani walikuwa washaonyesha kuwa hii kitu inaweza kuleta kansa. Matokeo yaliandikwa, yakawekwa kwa faili. Shida ilikuwa nani amelipia hao panya.

Twende Saranac Lake, mji mdogo wa milimani jimbo la New York. Kulikuwa na maabara hapo iliyojijengea jina kwa utafiti wa TB. Mkubwa wake, Dkt. LeRoy Gardner, alikuwa bingwa wa mambo ya vumbi. Unaweka wanyama kwa chumba chenye vumbi, unangoja miezi, kisha unapasua mapafu uone kumeendaje. Mwaka wa 1936 kampuni za asbesto, Johns-Manville ikiwa mbele, zikakubali kumpa doo za utafiti. Ndoano ilikuwa kwa barua ya wakili wa Johns-Manville, Vandiver Brown: matokeo ni mali ya wenye wametoa pesa, na ni wao wataamua kama yatatolewa, kiasi gani na kwa njia gani. Gardner akaingia box.

Wakati huo kenye kilikuwa kinasumbua kampuni ni asbestosisi, ule ugonjwa wa mapafu kujaa makovu hadi mtu anashindwa kuvuta pumzi. Kansa haikuwa hata kwa mpango. Lakini 1943 Gardner akaripoti kwa Brown kitu noma: kwa kikundi kimoja cha panya wadogo waliovuta vumbi la asbesto, asilimia 81.8 walikuwa na uvimbe kwa mapafu.

Gardner hakupiga kelele za bure. Alisema kikundi kilikuwa kidogo, na pengine hiyo aina ya panya hushika uvimbe haraka, kwa hivyo kazi irudiwe vizuri. Hapo namheshimu, ju hivyo ndivyo sayansi hufanywa. Mbaya ni kwamba alidedi 1946 kabla hajairudia.

Wenye pesa wakashika zile karatasi, wakazisoma, na kufikia 1948 wakakubaliana mambo ya kansa yatolewe. Ripoti ikachapishwa 1951 kwa jarida la madaktari. Asbestosisi iko, uvimbe hakuna. Ni kama uende uone Gor na Ingwe, halafu gazeti la kesho yake liandike nyasi zilikuwa poa na lisitaje mabao. Barua za kampuni zilianza kuanikwa miaka ya 1970, wakati wagonjwa walikuwa wanazishtaki kortini. Johns-Manville yenyewe ikakimbilia sheria ya kufilisika 1982 ju ya hizo kesi.

Sasa mtu atauliza, panya wachache ndio nini? Cheki hesabu. Kansa ya asbesto kwa binadamu hujificha miaka 20, 30, hata 40 na zaidi. Msee aliyevuta vumbi 1951 anaweza kuanza kukohoa miaka ya themanini, ashastaafu, na hakuna mtu atakumbuka kazi alifanya akiwa kijana. Panya anaishi miaka miwili au mitatu hivi, kwa hivyo ndani ya huo muda mfupi umeona maisha yake yote. Ile onyo ya mapema ndio ilifichwa. Kwa binadamu, ilibidi Richard Doll wa Uingereza ahesabu wafu wa kiwanda cha asbesto, na akachapisha 1955: waliofanya kazi hapo miaka mingi walikuwa wanakufa na kansa ya mapafu kama mara kumi kuliko kawaida.

Halafu 1960 Chris Wagner na wenzake wakatoa stori ya watu 33 wa Afrika Kusini, karibu wote wa upande wa migodi ya asbesto ya bluu huko Cape. Walikuwa na mesotelioma, kansa ya ule utando unaofunika mapafu, kitu madaktari walikuwa hawaioni karibu kabisa. Wengine hawakuwahi kushika kazi ya mgodi; waliishi tu karibu. Wagner akahamia Wales akaanza kufuatilia na panya. Matokeo ya 1974 ndio yalinishtua zaidi: aina zote tano za asbesto zilizojaribiwa, pamoja na nyeupe yenye wafanyabiashara walikuwa wanaitetea, zilileta uvimbe. Na panya wawili walipata mesotelioma baada ya kuvuta vumbi siku moja tu.

Inauaje? Asbesto ni jiwe linalopasuka kuwa nyuzi nyembamba ajabu. Ukizivuta, seli za ulinzi za mwili hujaribu kuzimeza. Fupi zinamezeka. Ile ndefu ni kama nyoka kujaribu kumeza fimbo: seli inakwama, inamwaga kemikali zake pale pale, na uvimbe wa ndani unawaka miaka na miaka hadi DNA ya seli za jirani inaharibika. Mearl Stanton wa Marekani aliweka nyuzi za aina nyingi, hata za glasi, kwa ule utando unaofunika mapafu ya panya. Akapata zile hatari zaidi ni ndefu kuliko mikromita 8 na nyembamba kuliko 0.25. Unywele wako ni mnene mara mia kadhaa kuliko hiyo.

Ndio maana 2008 watafiti wa Edinburgh walijaribu kitu mpya kabisa kwa panya, vijineli vya kaboni vinavyotumika kwa teknolojia ya kisasa. Vile virefu vikafanya mwili ukasirike vile asbesto hufanya. Safari hii matokeo yalitoka mapema, na hakuna mtu aliyeyafungia kwa droo.

Kurudi kwa ile paa. Ikiwa nzima, nyuzi zimeshikwa na simiti. Balaa huanza ikikatwa, ikitobolewa au ikivunjwa. Inafaa kuloweshwa maji, itolewe nzima, ifungwe kwa plastiki na izikwe mahali palipoidhinishwa, na kazi ifanywe na wenye leseni ya NEMA. Ukiona fundi ameipandia na nyundo na msumeno, toa watoto hapo kwanza, halafu umsimamishe.