Kuandika Majina ya Aina za Jumla katika Daftari la Programu

Mwalimu anayefundisha utungaji wa programu za kompyuta hukuta kwamba wanafunzi huelewa aina ya jumla upesi, lakini hushindwa kuitambua inapojitokeza katika daftari la kumbukumbu la programu. (Neno "darasa" tumeliepuka kwa makusudi, kila tulipolitumia wanafunzi walitazama kuta.) Katika kipindi chetu cha jioni hapa Magomeni jambo hili lilitupa hasara. Wanafunzi wawili walitunga programu ya kuhesabu nafaka za duka. Ilipokwama, daftari liliandika kwamba kosa limetoka katika Gunia`1. Wakalichambua gunia la mchele jioni mbili nzima, kumbe kosa lilikuwa katika gunia la maharage.

Gunia ni gunia, liwe na mchele au maharage. Lakini hakuna afikaye soko la Tandale akaagiza gunia bila ya kusema la nini. Katika lugha ya C#, iliyopata aina za jumla katika toleo la 2 mwaka 2005, mtungaji huandika Gunia<Mchele>. Tukiiuliza mashine jina fupi la aina hiyo, hujibu Gunia`1. Alama ile ndogo pamoja na tarakimu 1 maana yake ni kwamba gunia hupokea aina moja. Ni aina gani, haisemwi. Tukiomba jina kamili, mchele hutajwa, lakini huandamana na jina la mkusanyiko wa programu, namba ya toleo na mengineyo, hata jicho likapotea.

Dawa yake ni kazi fupi ambayo yafaa wanafunzi waitunge wenyewe. Wakate jina fupi pale alama inapoanzia, kisha waiulize aina yenyewe imepewa aina zipi, waziandike ndani ya mabano ya pembe. Ikiwa mojawapo nayo ni ya jumla, kazi ijiite upya. Ndivyo tupatavyo Lori<Gunia<Mchele>>. Mwanafunzi mwenye haraka atataka kulikatakata jina kamili penye kila mkato. Tusimkataze. Tumpe lori hilohilo alijaribu, naye ataona vipande visivyokamilika.

Kwa Java hali ni nyingine. Tangu aina za jumla zilipoingia katika toleo la 5, mwaka 2004, habari za yaliyomo hufutwa wakati wa kutafsiri programu, na kitu kinapoulizwa jina lake hujibu Gunia tu. Hapo hakuna cha kukata. Mtungaji hana budi kulikabidhi gunia aina ya kitu tangu linapoundwa, lenyewe liitunze.

Zoezi tunalolipenda zaidi ni kuandika daftari kwa Kiswahili: Gunia la Mchele, Kikapu cha Nyanya, Orodha ya Wateja. Papo hapo huzuka swali: programu itajuaje kuchagua la, cha au ya? Kundi moja lilikipa kila chombo kiunganishi chake kama sifa mojawapo. Kundi jingine lilibishana hadi saa mbili usiku, likarudia mabano.