TAKAUNGU: MJI MDOGO WENYE HISTORIA KUBWA

Abiria wa basi itokayo Mombasa kwenda Malindi huona mashamba makubwa ya katani ya Vipingo, na baada ya muda huona Daraja la Kilifi lililofunguliwa mwaka 1991. Katikati ya sehemu hizo mbili iko njia ielekeayo mashariki kwenye bahari, na wengi huipita bila ya kuitazama. Njia hiyo ndiyo iendayo Takaungu. Ni mji mdogo, wala haukupata kuwa na bandari ya meli kubwa wala stesheni ya gari moshi. Hata hivyo katika karne ya kumi na tisa mji huu ulikuwa na watawala wake wenyewe, na habari zake zilifika Unguja, Maskati na London. Tena mambo yaliyoanzishwa hapo juu ya ardhi yanawagusa wakulima wa pwani mpaka leo. Kwa hiyo yafaa tuyaeleze.

NCHI ILIVYO

Takaungu iko karibu maili 30 kaskazini ya Mombasa, na kusini kidogo ya mji wa Kilifi. Mji umejengwa kando ya hori, yaani mkono mwembamba wa bahari unaoingia bara kwa kupindapinda kati ya kingo za mawe ya matumbawe. Maji yanapojaa mashua huweza kuingia ndani, na yanapokupwa huonekana matope na mizizi ya mikoko. Huko nje uko mwamba unaovunja nguvu za mawimbi.

Karibu na bahari udongo ni haba, maana chini yake ni jiwe tupu. Mtu akichimba kisima hukata matumbawe, na pengine maji ayapatayo huwa na chumvi. Ukienda bara kidogo udongo huwa wa mchanga, nao wafaa kwa minazi, mikorosho, miembe na mihogo. Mahindi hutegemea mvua za masika, ambazo kwa kawaida huanza mwezi wa Aprili, na kama masika yakikosa, mvua za vuli peke yake hazitoshi kumshibisha mkulima. Nyuma ya ukanda huu vimeinuka vilima vya Wakauma, Wachonyi na Wagiriama, na ndani yake mna misitu ya kaya, yaani miji ya kale ya Wamijikenda iliyozungukwa na miti.

Hali hiyo ya nchi ndiyo ieleweshayo historia ya mji. Hori lilikuwa maficho mema ya majahazi, na vilima vilikuwa karibu. Nafaka, pembe na ng'ombe zilishuka kutoka bara. Nguo, shanga na chuma zilipanda kutoka pwani. Mji uliosimama mahali pale uliweza kuishi kwa biashara hata kama mashamba yake yalikuwa ya mchanga.

WALIOKUJA MWAKA 1837

Waarabu wa ukoo wa Mazrui walitoka Omani, nao walitawala Mombasa kwa muda wa karibu miaka mia moja, wakikaa katika Ngome ya Yesu. Mwanzo walikuwa maliwali wa Imamu wa Omani, lakini baadaye walikataa kumtii mtu yeyote wa nje. Katika mwaka 1824 waliomba ulinzi wa Waingereza kwa Kapteni Owen, lakini ulinzi huo uliondolewa mwaka 1826. Sayyid Said bin Sultan, ambaye alitaka pwani yote iwe chini yake, alishambulia Mombasa zaidi ya mara moja, na mwisho akaipata mwaka 1837. Mtawala Rashid bin Salim alikamatwa pamoja na wakubwa wengine wa Mazrui, wakapelekwa kufungwa Bandar Abbas katika Ghuba ya Uajemi.

Waliosalia walikimbia. Tawi moja lilikwenda kusini likakaa Gazi, na tawi la pili lilikwenda kaskazini likakaa Takaungu. Mmisionari Krapf alipopita katika mwaka 1844 aliukuta mji huo wa wakimbizi ukiwa umekwisha kusimama. Hivyo Takaungu ilikua kwa sababu ya kushindwa kwa watu fulani. Wale waliopoteza ngome ya mawe walijenga upya kando ya hori dogo, nao wakatafuta urafiki na Wamijikenda, maana bila ya wenyeji wa vilima wasingepata chakula wala askari.

NAFAKA NA UTUMWA

Baada ya muda watu wa Takaungu walipata mali. Mashamba ya mtama na mahindi yalilimwa kusini na kaskazini ya hori la Kilifi, na nafaka ikachukuliwa kwa majahazi hadi Arabuni. Lakini msomaji lazima ajue kwamba jembe la mashamba hayo lilishikwa na watumwa. Wengine waliletwa kutoka mbali kusini. Na katika miaka ya njaa, kama mwaka 1884, wako wazee wa bara walioweka watoto wao rehani kwa watu wa pwani ili wapate chakula, na wengine kati ya watoto hao hawakurudi.

Si wote waliovumilia. Watoro walikimbilia misituni na kujenga vijiji vyao wenyewe. Kimoja kilichojulikana sana ni Fuladoyo, huko nyuma ya Takaungu, ambako watumwa waliotoroka na Wakristo wa Kigiriama walikaa pamoja tangu karibu mwaka 1879. Wengine walikwenda Rabai kwa wamisionari. Tarehe 1 Januari 1889 watoro zaidi ya 1,400 walipewa hati za uhuru, baada ya Kampuni ya Kiingereza kuwalipa fidia waliodai kuwa mabwana zao. Utumwa wenyewe ulikoma kutambuliwa na sheria katika nchi hii mwaka 1907.

VITA VYA MWAKA 1895

Mwezi wa Februari 1895 Liwali Salim bin Khamis wa Takaungu alifariki. Kwa desturi ya ukoo mkubwa kwa umri angeweza kutazamiwa kushika mahali pake, naye alikuwa Mbarak bin Rashid. Lakini maofisa wa Kampuni walimtaka Rashid bin Salim, mtoto wa marehemu, kwa kuwa walimwona kuwa rafiki yao. Wakamsimika. Mbarak alikataa, akatoka mjini na watu wake, na vita vikaanza.

Wakati ule ule Kampuni ilikuwa inafunga hesabu zake, na tarehe 1 Julai 1895 Serikali ya Kiingereza ilichukua nchi iwe chini ya ulinzi wake. Ndipo Mbaruk bin Rashid wa Gazi, mzee aliyepata kupigana na masultani wa Unguja kwa miaka mingi, alipojiunga na ndugu zake wa Takaungu. (Msomaji asiwachanganye watu hawa wawili kwa kuwa majina yao yanafanana.) Vita vilienea pwani nzima. Miji ilishambuliwa, mashamba yaliachwa, na askari waliletwa kutoka Bara Hindi. Mwezi wa Aprili 1896 Mbaruk wa Gazi na wafuasi wake walivuka mpaka wakajisalimisha kwa Wajerumani. Alifariki Dar es Salaam mwaka 1910.

Tangu hapo nguvu za Takaungu zilipungua. Ofisi za serikali zilikwenda mahali pengine, biashara ikafuata Mombasa na Malindi, na barabara kuu ilipotengenezwa iliuacha mji pembeni. Hata hivyo utulivu wake uliwavuta wengine. Mwingereza Denys Finch Hatton, mwindaji aliyejulikana sana, alijenga nyumba hapo kabla ya kufa katika ajali ya ndege huko Voi mwaka 1931.

SHAURI LA ARDHI

Lililobaki, nalo ndilo kubwa kuliko yote, ni ardhi. Katika mwaka 1908 serikali ilitoa sheria kwamba kila mwenye kudai ardhi katika ukanda wa pwani alete madai yake yaandikwe. Ardhi isiyodaiwa ilihesabiwa kuwa ya serikali. Mwenye kujua kusoma, au mwenye jamaa ofisini, alifaidika. Mkulima wa Kimijikenda, au mtumwa aliyeachwa huru juzi, ambaye hakuwa na cheti ila minazi aliyoipanda, mara nyingi hakuandikwa.

Kwa Wamazrui wa Takaungu ilitolewa sheria ya peke yake mwaka 1914, na ardhi ya zaidi ya ekari 9,000 iliwekwa chini ya wadhamini kwa faida ya ukoo. Miaka ikapita, na watu wengine wakakaa juu ya ardhi hiyo, wakalima, wakazaa na kuzika. Mwaka 1989 Bunge la Kenya liliifuta sheria ile. Ukoo ukapeleka shauri mahakamani, na mwaka 2012 Mahakama Kuu ya Mombasa iliamua kwamba kufutwa huko hakukupatana na katiba.

Hapa pana haki mbili zinazokutana. Upande mmoja wako watu wenye hati, ambao babu zao waliahidiwa kwa sheria. Upande wa pili wako watu wenye makaburi na miti, ambao babu zao hawakuulizwa wakati wa kuandikwa. Kumwita mmoja mwizi na mwingine mvamizi hakuleti shibe kwa mtu yeyote. Lakini yafaa kila mkulima ajifunze jambo moja katika habari hii, nalo ni kwamba daftari la mwaka 1908 lina nguvu hata leo, na aliyenyamaza wakati ule amewaachia wajukuu wake kesi.

Kwa hiyo, ewe mkulima, maofisa wa ardhi wakitangaza baraza la kupima na kuandika mashamba, usimtume mtoto kwa niaba yako. Nenda mwenyewe, nenda na majirani wanaojua mipaka yako, useme mbele ya watu, na hakikisha jina lako, na la mkeo pia, limeandikwa sawasawa. Kisha weka nakala mahali pasipofikiwa na mchwa.

Naye apitaye barabara ya Malindi na akapata nafasi, ashuke katika njia ya Takaungu atembee hadi horini. Ataona wavuvi, minazi na kuta za zamani. Na kama akikutana na mzee, baada ya kumwamkia amwombe amwonyeshe mipaka ya mji. Jibu litachukua muda mrefu, na litafaa kusikilizwa mpaka mwisho.