Kujifunza Kurusha Tufe kwa Simu

Swali limeletwa na mwalimu wa Mwingi anayesomea shahada ya ualimu kwa njia ya masafa, na elimu ya viungo ni mojawapo ya masomo yake. Anajirekodi kwa simu akirusha tufe, anamtumia mhadhiri video kwa WhatsApp, na marekebisho yanamfikia siku ya pili au ya tatu. Anauliza: mwili unaweza kufundishwa hivi, au tunapotezeana bando?

Swali limekuja wakati wake. Mnamo Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia Gredi ya 10, na mmoja kati ya mikondo mitatu waliyofunguliwa ni ule wa Sanaa na Sayansi ya Michezo. Kaunti ya Kitui, uliko mji wa Mwingi, ina zaidi ya kilomita za mraba 30,000, na jirani yake Makueni zaidi ya 8,000. Walimu wengi huko hawawezi kuacha darasa na shamba wakakae bweni miaka minne. Kusoma kwa masafa si jambo geni kwao wala kwa nchi: tangu 1967 chuo kikuu cha Nairobi kilikuwa kikiwafunza walimu wa msingi kwa posta na redio. Jiografia ilisafiri kwa posta bila shida. Kurusha tufe je?

Mkenya aliyelijibu swali hili kwa vitendo ni Julius Yego, mrusha mkuki aliyezaliwa Nandi mwaka 1989. Hakuwa na kocha wa mkuki, basi akawa anatazama YouTube. Huko alimfuatilia Jan Železný wa Jamhuri ya Cheki, ambaye rekodi yake ya dunia ya mita 98.48 imesimama tangu 1996, na Andreas Thorkildsen wa Norway. Mwaka 2011 Yego alitwaa dhahabu ya Michezo ya Afrika mjini Maputo. Baadaye akafanya mazoezi Finland chini ya kocha Petteri Piironen, na Agosti 2015, jijini Beijing, akawa bingwa wa dunia kwa mita 92.72. Kisa hiki husimuliwa kana kwamba video ndiyo iliyomfundisha. Lakini video haikumwona Yego. Železný wa kwenye skrini alirusha vilevile kila mara, awe Yego amepatia au amekosea. Basi miaka ile ya mwanzo, ni nani aliyekuwa akimsahihisha?

Hapa ndipo sayansi inaponisisimua. Ubongo unapotuma amri kwa misuli, hubaki na nakala ya amri ile, na kutokana na nakala hiyo hukisia kitakachotokea: mkono utafika wapi, kiganja kitahisi uzito gani, mguu wa mbele utagonga ardhi kwa nguvu kiasi gani. Kisha habari za kweli zinaanza kupanda. Zinatoka kwa vihisio vidogo vilivyomo ndani ya misuli, kwenye kano na kwenye maungio, na kwa sikio la ndani linalopima mlalo wa kichwa. Ubongo, hasa ile sehemu yake ndogo iliyoko kisogoni, unaviweka viwili hivi sambamba, makisio na tukio. Tofauti iliyopo kati yavyo ndiyo somo. Hiyo ndiyo inayorekebisha amri ya mara ijayo, na mwenye mwili huenda asijue hata kidogo kwamba amesahihishwa.

Habari hizi zinazorudi kwa mtendaji naziita mrejesho. Wengine husema maoni, lakini maoni hutoka kwa mtu, na hapa kinachorudi kinaweza kuwa kishindo cha tufe likigonga ardhi. Basi kuna mrejesho wa ndani, unaotoka mwilini, na mrejesho wa nje, unaotoka kwa mwalimu, kwa saa au kwa video.

Kwa miaka mingi wakufunzi waliamini kwamba mrejesho wa nje ukiwa mwingi na wa haraka, mwanafunzi hujifunza zaidi. Mwaka 1984 Alan Salmoni, Richard Schmidt na Charles Walter walipitia upya tafiti zilizokuwapo wakatilia shaka imani hiyo. Mwaka 1990 Carolee Winstein na Schmidt waliwafundisha watu kusogeza wenzo kwa mtindo maalum. Kundi moja liliambiwa matokeo baada ya kila jaribio, jingine baada ya nusu tu ya majaribio. Wakati wa mazoezi makundi yalikwenda sambamba. Kesho yake, walipopimwa bila kuambiwa lolote, waliokuwa wameambiwa nusu ndio waliofanya vizuri zaidi. Mwaka huohuo Stephan Swinnen, Schmidt na wenzao walijaribu jambo ambalo mimi hulifikiria kila ninapopita kando ya uwanja wa shule. Kundi moja lilipata matokeo papo hapo, mara tu tendo lilipokwisha. Jingine lilingojeshwa sekunde chache. Waliopewa papo hapo ndio waliojifunza vibaya zaidi.

Sekunde chache za kimya! Maelezo ya watafiti ni kwamba zile sekunde ndizo ambazo mwili huwa unajisomea wenyewe. Mwalimu akipaaza sauti "kiwiko juu!" tufe lingali hewani, mwanafunzi anaacha kusikiliza bega lake, anamsikiliza mwalimu. Anafanya vizuri mwalimu akiwapo. Mwalimu akiondoka, anabaki bila kipimo.

Msomaji wa Kitui au Makueni ataelewa haraka nikimpeleka kwenye bwawa la mchanga, kwa sababu kaunti hizi mbili zinajulikana duniani kwa mabwawa hayo. Unajenga ukuta juu ya mwamba, katikati ya mto wa msimu. Mafuriko yanakuja na mzigo wa aina mbili, mchanga mzito na tope laini. Ukiunyanyua ukuta wote kwa mkupuo, maji yanatulia nyuma yake kama ziwa, tope linapata nafasi ya kutua, na unabaki na bwawa lililojaa udongo usiotoa maji. Ndiyo maana baadhi ya mafundi huujenga kwa hatua. Msimu wa kwanza ukuta ni mfupi: mchanga mzito unashika chini, tope linaruka juu na kwenda zake. Msimu unaofuata unaongeza kimo, na hivyo hivyo hadi mwisho. Maji yanakaa kwenye nafasi zilizo kati ya chembe na chembe, jua haliyafikii, na wakati wa kiangazi unachimba mkono mmoja tu ukachota. Maneno ya mwalimu ni mafuriko yale. Akiyamwaga yote baada ya mrusho mmoja, kiwiko, goti, kidevu na kifundo cha mguu, yanatua kama tope na kuziba nafasi ambazo hisia za mwili zingekaa. Akitoa neno moja na kungoja, hisia nzito za mwili zinashika chini, kisha anaongeza jingine. Kinachohesabiwa ni kinachochoteka mwezi wa Septemba, mto ukiwa mkavu na mwalimu hayupo.

Sasa rudi kwenye simu. Umbali unampa mwanafunzi wa masafa kile ambacho mwalimu wa uwanjani hushindwa kutoa kwa sababu hawezi kunyamaza. Lakini siku mbili si sekunde chache. Hisia za mrusho hufifia upesi, na marekebisho yakija kesho kutwa yanakuta mahali patupu. Dawa yake ni rahisi: mwanafunzi akisie kosa lake kabla hajaonyeshwa. Arushe, anyamaze kidogo, kisha aseme kwa sauti, kamera ikiwa bado inarekodi: "Nimeuachia mkono mapema, limekwenda kushoto." Ndipo aitazame video. Mhadhiri naye, badala ya kuusahihisha mrusho, aanze kwa kuyasahihisha makisio.

Jaribu nyumbani na mtoto. Shona kifuko cha kitambaa, ukijaze ndengu, uchore duara la chaki hatua tatu mbele yake. Afumbe macho na kurusha. Kabla hajafumbua, muulize kimeanguka wapi: mbele, nyuma, kushoto? Mwanzo atabahatisha. Endeleeni, na mtazame jinsi jibu lake linavyoisogelea kweli kabla hata mrusho wenyewe haujanyooka. Mwili umeanza kujipima.

Kuhusu jasho lenyewe, yaani kuwafanya watoto wasogee tu, sina mengi ya kueleza. Shirika la Afya Duniani linataka wastani wa dakika 60 kwa siku kwa wenye umri wa miaka 5 hadi 17. Masomo ya viungo ya mtandaoni yamekuwa yakilegalega hapo: David Daum na Craig Buschner, walipochunguza kozi za sekondari Marekani na kuchapisha matokeo 2012, walikuta nyingi hazifikii dakika 225 zinazopendekezwa kwa wiki. Redio ina sifa nzuri zaidi. Wajapani wamekuwa wakinyoosha viungo kwa kufuata redio tangu 1928, kinanda kikipigwa na sauti ikihesabu. Makueni ina Redio Mang'elete, redio ya jamii iliyoanzishwa na vikundi vya akina mama. Dakika kumi za asubuhi kwenye kituo kama hicho zingefika mahali ambapo bando halifiki.

Tahadhari: majaribio ya mrejesho niliyoyataja yalifanywa maabara, kwa matendo mepesi, na anayeanza tendo gumu huhitaji kuelekezwa zaidi mwanzoni. Kupinduka na kusimama kwa kichwa kusifundishwe kwa simu kamwe.

Kwa mambo mengine, ewe mwalimu wa Mwingi, hampotezeani bando, mradi useme makisio yako kwanza. Na kwa vyuo vya eneo hili, kuanzia chuo cha walimu cha Kitui hadi Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya kilichoko Kwa Vonza, ombi langu ni hili: lifanyieni jambo hili utafiti hapa hapa. Chukueni madarasa mawili ya wanafunzi wa masafa. Moja lipelekewe marekebisho kama kawaida, jingine lisipelekewe chochote hadi kila mwanafunzi awe ametuma makisio yake. Wapimeni wote baada ya mwezi mmoja, uwanjani, bila simu. Matokeo yachapishwe, hata kama yatanipinga, kwa sababu walimu wa mkondo wa michezo wanahitajika sasa na wengi wao watafunzwa kwa njia hii.