Je, Wajua? Kocha Aliyeacha Sheria Akashika Filimbi

Je, wajua kwamba kocha mmoja aliyebadili sura ya ushambuliaji katika futiboli ya Kimarekani ya vyuo vikuu hakuwahi kuichezea timu yoyote ya chuo? Mike Leach alisoma Brigham Young, Utah, akacheza raga. Kisha akachukua shahada ya sheria Pepperdine mwaka 1986. Koti la mahakamani hakulivaa.

Je, wajua mshahara wake wa kwanza? Dola 3,000 kwa mwaka, akiwa kocha msaidizi Cal Poly, California, mwaka 1987. Miaka miwili baadaye alikuwa Pori, Finland, akifundisha futiboli katika nchi inayopenda magongo ya barafuni.

Je, wajua mfumo wake wa kurusha mpira, Air Raid, yaani shambulio la anga, ulianzia kwenye chuo kidogo? Ni Iowa Wesleyan, chini ya kocha mkuu Hal Mumme, Leach akiwa msaidizi wake. Makocha wengi hubeba vitabu vya mbinu vinene kama matofali. Hawa wawili walibaki na mbinu chache tu, wakazirudia mazoezini kila siku mpaka wachezaji wangeweza kuzicheza usingizini. Halafu tazama walinzi wa mbele: waliwasimamisha kwa kuachana, nafasi ya hatua nzima kati ya mtu na mtu, ili adui anayemkimbilia kwotabeki, mrushaji wa mpira, azunguke mbali. Sekunde moja ya ziada inatosha kurusha mpira. Ujanja wa mnyonge, huo.

Je, wajua kocha msaidizi huhama na bosi wake? Mumme alipokwenda Valdosta State, Georgia, Leach alikwenda. Mumme alipoitwa Kentucky mwaka 1997, Leach tena. Bosi akifukuzwa, mara nyingi benchi zima hufunga mizigo.

Je, wajua mwaka 1999, Leach, sasa bila Mumme, akiongoza mashambulizi ya Oklahoma, aliangusha makusudi karatasi ya mbinu za uongo kabla ya mechi na Texas? Wapinzani wakaiokota, wakaiamini. Oklahoma ikatangulia 17-0. Basi Texas ikashtuka, na mwisho wakashinda wao 38-28! Mwaka uliofuata Leach akawa kocha mkuu wa Texas Tech, na katika misimu yake yote kumi pale, timu ilifuzu mechi za baada ya msimu.

Je, wajua Lincoln Riley alifika Texas Tech akitaka kuwa kwotabeki? Leach alimshauri aache kucheza, ajifunze ukocha. Ushauri mchungu kwa kijana. Lakini Riley alikuwa kocha mkuu wa Oklahoma akiwa na miaka 33, na wanafunzi wake watatu, Baker Mayfield, Kyler Murray na Caleb Williams, wamenyakua Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo.

Je, wajua Leach alipofariki Desemba 2022, akiifundisha Mississippi State, alikuwa ameshinda mechi 158 na kupoteza 107? Hiyo ni asilimia 59.6. Jumba la Heshima la futiboli ya vyuo lilidai kocha awe na asilimia 60 ili aingizwe. Mwaka 2025 wakubwa wa jumba hilo wakatangaza kushusha kiwango hadi 59.5, kuanzia 2027.