Kubadili DNS hakuongezi kasi ya kupakua

WAFANYABIASHARA wa korosho wa Masasi na Newala wana sababu mpya ya kujali kasi ya intaneti nyumbani na dukani. Tangu msimu wa 2024/25 minada ya korosho huendeshwa kwa mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania (TMX), na bei za mzigo wa vyama vikuu vya MAMCU na TANECU hupitia mtandaoni. Intaneti inapokwenda kwa kusuasua, ushauri unaotolewa upesi ni kubadili seva za DNS kwenye ruta.

Je, hatua hiyo huongeza kasi ya kupakua? Kwa ufupi, hapana. Huweza kupunguza muda wa kusubiri kabla ukurasa haujaanza kufunguka, basi.

DNS ni mfumo wa majina ya intaneti, uliobuniwa mwaka 1983 na Paul Mockapetris wa Marekani. Mtumiaji huandika jina la tovuti, lakini kompyuta huhitaji namba ya anwani. Seva ya DNS huulizwa jina, ikajibu namba, na kazi yake ikaishia hapo. Faili lenyewe hutoka kwenye seva nyingine iliyolihifadhi.

Mfano ni dereva wa lori anayemuuliza karani mzigo wake uko ghala lipi. Karani akijibu haraka, dereva ataokoa dakika chache. Lakini safari ya takriban kilomita 200 kutoka Masasi hadi bandari ya Mtwara haitapungua, wala lori la tani 10 halitageuka kuwa la tani 30.

Hesabu inathibitisha hilo. Mteja anayepata megabiti 10 kwa sekunde hupokea megabaiti 1.25 kwa sekunde, kwa kuwa baiti moja ni biti 8. Faili la megabaiti 500 litamchukua sekunde 400, yaani dakika 6 na sekunde 40. Akiacha seva ya DNS inayojibu kwa milisekunde 120 na kuchukua ya milisekunde 20, ataokoa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Aidha, simu na kompyuta huhifadhi majibu kwa muda, hivyo swali halirudiwi kila mara.

Kasi huamuliwa na mambo mengine: kifurushi kilicholipiwa, nguvu ya mawimbi, idadi ya watu wanaotumia mnara mmoja jioni, na uwezo wa njia ya kwenda Dar es Salaam na ng'ambo. Newala iko juu kwenye ukingo wa uwanda wa Makonde, na Masasi iko chini kati ya vilima vya mawe. Penye kilima kati ya nyumba na mnara, mawimbi hufifia. Tarehe 12 Mei 2024, kebo za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika, intaneti ilizorota nchini. Kubadili DNS kusingeweza kuziba pengo hilo.

Mabadiliko hayo huweza hata kuleta hasara. Kampuni kubwa za intaneti huweka nakala za video na programu katika miji mingi, na mara nyingi jibu la DNS ndilo linaloamua mteja ahudumiwe na nakala ipi. Seva ya DNS iliyo mbali huweza kumpeleka mteja wa Newala kwenye nakala ya ng'ambo wakati ipo nyingine Dar es Salaam. Hapo upakuaji hupungua kasi.

Hata hivyo, ipo siku DNS huokoa biashara. Seva ya DNS ya mtoa huduma ikisimama, kurasa hazifunguki ingawa njia ni nzima. Zabuni ya mnada ni data ndogo sana. Haihitaji kasi kubwa, ila haiwezi kungoja. Katika hali hiyo, seva za umma kama 8.8.8.8 ya Google, iliyoanza mwaka 2009, au 1.1.1.1 ya Cloudflare ya mwaka 2018, huweza kurudisha huduma papo hapo. Zote mbili ni za bure.

Kwa hiyo, anayeombwa fedha ili DNS "iongeze kasi" apime kwanza. Apakue faili moja mara tatu kwa DNS ya zamani na mara tatu kwa mpya, saa ileile, na kuandika sekunde. Arudie saa 4 asubuhi na saa 2 usiku. Tofauti ikiwa kati ya asubuhi na usiku, tatizo ni msongamano. Ikiwa kati ya chumba na chumba, tatizo ni mawimbi. Fedha ziende kwenye kifurushi kikubwa zaidi, antena ya nje, au laini ya pili ya kampuni nyingine kwa ajili ya siku ya mnada.