Uvimbe Ukilainika, Safari Haijaisha



Mama mmoja wa Makambako alikuja ofisini kwangu na uso wa furaha. Alikuwa akitibiwa saratani ya titi katika Taasisi ya Ocean Road, Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 600. Alikuwa amekwisha kupata dripu 3 kati ya 6 alizoandikiwa kabla ya upasuaji. “Karani,” akasema, “mwambie Baba Paroko nashukuru. Uvimbe siushiki tena. Nauli iliyobaki nitanunulia mbolea.”

Furaha yake ilikuwa ya haki, lakini shauri lake lilikuwa la hatari. Tuone kwa nini.

Mkono hujua ukubwa wa uvimbe tu. Haujui kama ndani yake mna uhai. Pengine uvimbe umelainika, na saratani ingalimo. Pengine mkono hukuta kitu kigumu, kumbe ni kovu tu. Hata picha ya kawaida ya eksirei yaweza kutudanganya vivyo hivyo.

Kwa hiyo wataalamu walitafuta njia ya kuifuata damu. Saratani ikitaka kukua hujichimbia mishipa mipya, na kwa kuwa huichimba kwa haraka, mishipa hiyo huvuja. Sisi tunaolima vinyungu twajua: mfereji uliochimbwa ovyo huvuja, na udongo wa mahali pale hulowa kuliko pengine. Basi mgonjwa hudungwa mkononi dawa ya kung’arisha picha. Kwa eksirei ya matiti dawa hiyo ina ayodini. Kwa mashine ya sumaku iitwayo MRI ina gadolini. Dawa hufuata damu, huvujia penye saratani, na mahali pale hung’aa katika picha.

Picha hupigwa kabla ya matibabu, hupigwa tena baadaye, kisha hulinganishwa. Pakififia, tiba inafanya kazi. Pakizidi kung’aa, daktari aweza kubadili dawa mapema, kabla mgonjwa hajapoteza miezi na nguvu zake bure. Marekani iliiruhusu eksirei ya namna hii mwaka 2011. Hata hivyo picha si hakimu wa mwisho: ikiwa safi, bado nyama iliyokatwa kwa upasuaji hupimwa kwa hadubini. Tena mwenye ugonjwa wa figo, au ambaye dawa hiyo iliwahi kumdhuru, hana budi kusema kwanza.

Si kila hospitali yenye mashine hizi. Zisipokuwapo, daktari hupima uvimbe kwa rula na kwa ultrasaundi, akaandika kila mara. Shabaha ni ile ile: kulinganisha jana na leo. Basi tunza picha na vyeti vyako vyote, uende navyo kila safari. Visifungiwe vitumbua.

Mama yule nilimsomea karatasi yake: tarehe ya dripu ya 4 ilikuwa imeandikwa pale. Alinyamaza kidogo, akauliza basi la Dar es Salaam huondoka saa ngapi. Mbolea aliichangiwa na jumuiya yake.

Ndugu, ukimwona mwenzio amepata nafuu, mshukuru Mungu pamoja naye. Kisha msaidie kuimaliza safari.